Usiku wa Pili Baada ya Upasuaji

Mwaka 2013 nilikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika wodi ya upasuaji ya wanaume, katika hospitali ambayo sitaitaja. Tulikuwa wauguzi wawili na wagonjwa 38. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja, mkulima, mwenye umri wa miaka 60 na kitu, aliyefanyiwa upasuaji siku iliyotangulia kwa sababu kidonda cha tumbo kilikuwa kimetoboka na uchafu kumwagika ndani. Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari aliandika hivyo kwenye faili, na mwenzangu aliyenikabidhi zamu alinieleza hivyo hivyo. Kama saa tano za usiku, kijana wa yule mzee, ambaye kwa utaratibu wetu alipaswa kuwa ameondoka tangu jioni lakini alimbembeleza mlinzi akabaki, alinifuata mezani akasema kwa upole, "Sista, samahani, mzee anasema anasikia baridi." Nilimpa blanketi la pili, nikaendelea kugawa dawa.

Ilikuwa saa tisa nilipofika kitandani kwake kumpima. Mapigo ya moyo yalikuwa zaidi ya 130 kwa dakika, alikuwa anahema haraka haraka, mikono yake ilikuwa ya baridi yenye jasho, na presha ilikuwa imeshuka kiasi kwamba nilipima mara tatu nikidhani mashine imeharibika. Daktari wa zamu alikuwa thieta, yaani chumba cha upasuaji, na mama mjamzito aliyekuwa anatoka damu. Mzee alifariki kabla ya adhana ya alfajiri, na kijana wake alinishukuru kwa yote niliyofanya, jambo ambalo mpaka leo linaniuma kuliko kama angenilaumu.

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba kifo kile kilikuwa changu mimi na mwenzangu peke yetu, yaani kosa la usiku mmoja katika wodi moja. Mwaka 2018 daktari mmoja niliyefanya naye kazi alinipa nakala ya makala iliyochapishwa katika jarida la Lancet, matokeo ya utafiti mkubwa wa upasuaji barani Afrika unaojulikana kwa kifupi kama ASOS, ulioongozwa na Bruce Biccard wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Nilisoma kurasa zile taratibu, kamusi ikiwa pembeni, na nilipofika kwenye sehemu ya vifo nilisimama. Kati ya wagonjwa 239 waliofariki katika utafiti ule, 225 walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Hiyo ni asilimia 94.1. Waliokufa siku ileile waliyopasuliwa, wawe mezani thieta au muda mfupi baadaye, walikuwa 14 tu.

Mzee wangu alikuwa wa namna ya wale 225.

Ningependa nieleze vizuri utafiti huu ulivyofanyika, kwa sababu watu wengi wakisikia neno utafiti hufikiri kuna dawa mpya inajaribiwa kwa wagonjwa. Hapa hakuna aliyepewa dawa mpya. Mwaka 2016, hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilikubali kutumia wiki moja iliyochaguliwa na kila nchi, na katika wiki hiyo kumwandikisha kila mtu mzima aliyefanyiwa upasuaji na kulazwa. Waliandika umri wake, magonjwa aliyokuwa nayo, aina ya upasuaji, kama ulikuwa wa dharura au wa kupangwa, kisha wakamfuatilia hadi anaruhusiwa au hadi siku ya 30 kama bado yumo hospitalini. Kwa jumla waliandikishwa wagonjwa 11,422. Wengi wa waliokusanya takwimu zile walikuwa watu wa kawaida wa wodini na thieta, wauguzi, wataalamu wa dawa ya usingizi na madaktari wa ngazi zote, waliobeba karatasi za utafiti pamoja na kazi zao za kila siku.

Kilichopatikana ni kwamba karibu mgonjwa mmoja katika kila watano, asilimia 18.2, alipata tatizo baada ya upasuaji, na asilimia 2.1 walifariki. Kwa macho ya harakaharaka asilimia 2.1 inaweza kuonekana ndogo. Lakini watafiti walionyesha kwamba ni mara mbili ya wastani wa dunia, na hapo ndipo panapohitaji kutuliwa, kwa sababu wagonjwa wetu hawakuwa wazee wala dhaifu kuliko wa kwingine. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 38.5. Wengi hawakuwa na kisukari, hawakuwa na ugonjwa wa moyo, na walipimwa kabla ya upasuaji wakaonekana kuwa na hatari ndogo. Kwa hesabu za kawaida za hatari ya upasuaji, ambazo zimetengenezwa katika nchi ambako mgonjwa wa kawaida wa upasuaji ni mtu mwenye umri mkubwa zaidi na magonjwa mengi zaidi, watu wetu walipaswa kufa wachache zaidi. Walikufa kwa wingi mara mbili ya wa kwingine.

Kwa hiyo hatari ya mgonjwa wa upasuaji kwetu haimo ndani ya mwili wake peke yake. Sehemu yake nyingine imo katika kitanda anachorudishiwa baada ya kutoka thieta, na katika idadi ya macho yanayokiangalia kitanda hicho usiku. Utafiti uleule uliangalia idadi ya wataalamu wa upasuaji, uzazi na usingizi kwa pamoja, na kukuta kwamba, ukizipanga hospitali zile kwa idadi hiyo, ile iliyo katikati ya orodha ilihudumia eneo lenye wataalamu 0.7 kwa kila watu 100,000. Tume ya Lancet ya Upasuaji Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2015, ilipendekeza wasipungue 20. Wauguzi hatukuhesabiwa katika idadi hiyo, na nadhani tungehesabiwa picha ingekuwa nzito zaidi, kwa maana mgonjwa aliyelazwa humwona daktari kwa dakika chache asubuhi, na muda wote uliobaki yuko nasi.

Tatizo lililoongoza katika ASOS lilikuwa maambukizi. Wagonjwa 1,156 walipata maambukizi ya namna moja au nyingine, na 112 kati yao walifariki. Maambukizi yana tabia ambayo kila muuguzi wa wodi ya upasuaji anapaswa kuijua kama anavyolijua jina lake: kwa kawaida hayaui ghafla. Hutoa taarifa. Mgonjwa huanza kusikia baridi, au huonekana mnyonge kuliko alivyokuwa asubuhi, au hukataa uji aliokuwa akiutaka. Kisha anaanza kupumua haraka, mapigo yanapanda, na mwili unajitahidi kuishikilia presha isishuke. Kwa mtu ambaye bado ana nguvu, kama wagonjwa wetu wengi, mwili unaweza kuishikilia presha kwa saa nyingi, na mtu anayeangalia presha peke yake atasema mgonjwa yuko salama hadi pale inapoporomoka kwa mara moja, wakati ambapo mengi yameshaharibika. Blanketi nililompa yule mzee nilimpa katika saa ile ambayo mwili wake ulikuwa bado unanipa taarifa.

Hapa nina ungamo ambalo najua wenzangu wengi watalielewa. Katika karatasi ya uangalizi ya mgonjwa kuna safu ya idadi ya pumzi kwa dakika. Fungua mafaili ya wodi nyingi uangalie safu hiyo. Utakuta 20, 20, 20, 20, kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho, asubuhi na jioni. Hakuna wodi duniani ambayo wagonjwa wote wanapumua mara 20. Namba ile inaandikwa kwa sababu kuhesabu pumzi kunataka dakika nzima ya kusimama kimya ukitazama kifua cha mtu, na dakika 38 kwa wagonjwa 38 ni muda ambao muuguzi wa usiku hana. Nimeiandika mimi mwenyewe. Niliiandika usiku ule wa mwaka 2013 kwa wagonjwa ambao sikuwahesabu. Ilhali pumzi ndicho kipimo ambacho mara nyingi hubadilika mapema kuliko vyote mgonjwa anapoanza kuzidiwa, na hakihitaji mashine, umeme wala betri, isipokuwa saa ya mkononi.

Sisemi haya kuwashutumu wauguzi. Nasema kwa sababu mwaka 2019 nilipopata nafasi ya kuwa mkusanya takwimu katika utafiti mdogo wa hospitali yetu, niligundua kwamba namba tunazoandika kwa mazoea zinamfuata mgonjwa hadi kwenye kompyuta ya mtafiti, na kutoka hapo zinakuwa ukweli wa nchi. Kama mafaili yetu yanasema kila mgonjwa alikuwa anapumua mara 20 mpaka saa alipokufa, basi mtafiti mwaminifu kabisa, kwa kutumia hesabu sahihi kabisa, atahitimisha kwamba vifo vyetu huja bila dalili.

Kuna sehemu ya ASOS iliyochapishwa peke yake mwaka 2019 ambayo nadhani ingepaswa kusomwa katika kila wodi ya wazazi. Upasuaji uliofanyika kwa wingi kuliko mwingine wowote katika wiki zile ulikuwa wa kumtoa mtoto. Kati ya akina mama 3,684 ambao matokeo yao yalijulikana, 20 walifariki, yaani zaidi ya watano katika kila 1,000, na watafiti walikadiria kuwa kiwango hicho ni karibu mara 50 ya kile cha nchi zenye kipato cha juu. Waliokuwa katika hatari kubwa walikuwa wale waliotoka damu nyingi kabla au wakati wa kujifungua, na wale waliopata matatizo yatokanayo na dawa ya usingizi au ganzi. Ni akina mama vijana hao.

Baada ya kusoma yote haya mtu anauliza, basi nini kinasaidia? Swali hili lina majibu ya aina mbili, yale tunayodhani na yale yaliyopimwa, na katika miaka hii nimejifunza kuheshimu tofauti iliyopo kati yake.

Jibu moja lililopimwa lilipimwa hapa kwetu. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya usalama ya upasuaji yenye vipengele 19 katika hospitali nane za miji minane: Toronto, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, London, Seattle, na Ifakara, katika bonde la Kilombero, Tanzania. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara iliwekwa katika jaribio moja na hospitali za London na Seattle, na kila ninapowafundisha wanafunzi wa uuguzi huanza na jambo hili, kwa sababu wengi wao hufikiri kwamba utafiti ni kitu kinacholetwa kwetu kikiwa kimeshakamilika. Orodha yenyewe ni ya kusimama mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa usingizi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla mgonjwa hajatoka thieta. Kila mtu aliyemo chumbani anajitambulisha kwa jina na kazi yake. Wanathibitisha mgonjwa ni nani, anapasuliwa nini na upande upi, kama dawa ya kuzuia maambukizi imeshatolewa, kama kipimo cha oksijeni kidoleni kinafanya kazi, na mwishoni wanahesabu gozi, sindano na vifaa. Vifo katika hospitali zile nane kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7.

Lakini mwaka 2014 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walichapisha hesabu zao kutoka hospitali 101 zilizoagizwa kuitumia orodha ileile. Vifo vilitoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema kuwa orodha ndiyo iliyoileta. Mimi siuoni utafiti huu kuwa unaupinga ule wa kwanza. Nimeshuhudia orodha ikitiwa alama za vema zote kabla mgonjwa hajaingia chumbani, na nimeshuhudia orodha ikisomwa kwa sauti na mtaalamu wa usingizi mdogo kwa cheo akamsimamisha daktari bingwa kwa sababu damu ilikuwa haijaletwa. Karatasi ni ileile. Kinachotofautiana ni kama yule mdogo anaweza kusema "tusubiri kidogo, daktari" na akasikilizwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo liliniumiza nilipolisoma, na ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Baada ya ASOS kuonyesha kwamba vifo vinatokea wodini, kundi lilelile la watafiti lilifanya jaribio la pili, ASOS-2, kati ya Mei na Julai 2019, katika hospitali 332 za nchi 28. Safari hii lilikuwa jaribio la kweli: hospitali ziligawanywa kwa bahati nasibu, nusu ziendelee na huduma kama kawaida, nusu zifanye uangalizi wa ziada kwa wagonjwa wa hatari kubwa. Hatari ilipimwa kwa alama zinazotokana na umri, hali ya mgonjwa kabla ya upasuaji, sababu ya upasuaji, dharura yake, ukubwa wake na aina yake. Mgonjwa aliyevuka kiwango alitakiwa kupata mambo kadhaa: alazwe kwenye wodi ya uangalizi wa juu zaidi ikiwezekana, apimwe mara nyingi zaidi, kitanda chake kiwe mahali ambapo wauguzi wanakiona, ndugu yake aruhusiwe kukaa naye, na mwongozo wa uangalizi uwekwe kando ya kitanda.

Niliposoma orodha hiyo machozi yalinilenga. Ndugu aruhusiwe kukaa naye. Kitanda kiwe karibu na meza ya wauguzi. Kama ningeambiwa niandike mwenyewe mambo ambayo yangemwokoa mzee wangu, ningeandika hayo hayo.

Matokeo yalitoka mwaka 2021. Katika hospitali za uangalizi wa ziada walifariki wagonjwa 169 kati ya 13,275, asilimia 1.3. Katika hospitali za huduma ya kawaida walifariki 193 kati ya 15,617, asilimia 1.2. Hapakuwa na tofauti.

Nimelifikiria tokeo hili kwa muda mrefu, na sitaki kulikwepa kwa kusema kwamba lazima jaribio lilikosewa. Wagonjwa karibu 29,000 si wachache, na watafiti waliochapisha matokeo yasiyowapendeza wanastahili heshima kubwa, kwa sababu wangeweza kuyaacha kabatini. Ninavyoliona mimi, kwa uzoefu wa wodini, ni kwamba kumwona mgonjwa akizidiwa ni hatua ya kwanza tu. Baada ya kumwona inabidi pawe na mtu wa kumwita, na mtu huyo aweze kuja, na akija awe na damu ya kumwongezea, na oksijeni ya kutosha, na antibiotiki inayofaa, na chumba cha upasuaji kilicho wazi cha kumrudisha tumbo lifunguliwe tena. Usiku ule wa mwaka 2013, hata kama ningempima mzee saa tano badala ya saa tisa, daktari alikuwa mmoja na alikuwa anamshughulikia mama anayetoka damu. Pia hatuwezi kumwagiza muuguzi yuleyule mmoja aongeze macho kwa wagonjwa watano bila kuyapunguza kwa wengine 33. Uangalizi wa ziada bila watu wa ziada ni kuhamisha blanketi kutoka kwa mgonjwa huyu kwenda kwa yule.

Hata hivyo bado nawaruhusu ndugu wakae. Siwezi kudai kwamba utafiti umeniunga mkono katika hilo, kwa sababu haukuniunga, lakini ndugu wa mgonjwa anajua jinsi baba yake anavyolala akiwa mzima, na anajua sauti yake ikoje, na huyo ndiye aliyeniletea taarifa ya kwanza na ya kweli kuliko zote usiku ule.

Mwaka uliofuata, 2022, yalitoka matokeo ya jaribio jingine lililonirudishia moyo. Liliitwa ChEETAh, likafanyika katika nchi saba, na Rwanda ilikuwa mojawapo. Swali lake lilikuwa dogo kabisa: je, timu ya upasuaji wa tumbo ikibadilisha glovu na kutumia vifaa vipya visafi kabla tu ya kufunga jeraha, maambukizi yatapungua? Walishiriki wagonjwa 13,301. Katika hospitali zilizoendelea kama kawaida, asilimia 18.9 walipata maambukizi ya kidonda. Katika zilizobadilisha glovu na vifaa, asilimia 16.0. Ukiangalia pengo la asilimia karibu tatu unaweza kulidharau, lakini katika wodi inayopokea wagonjwa 100 wa tumbo kwa miezi michache, hao ni watu watatu ambao hawatarudi kufunguliwa nyuzi na kusafishwa usaha kila siku huku familia ikiuza mbuzi kununua dawa. Na hakuna mashine iliyohitajika.

Wagonjwa na ndugu zao wana haki ya kuuliza kwa nini wao. Siku moja mama mmoja wa makamo, ambaye nilikuwa namsomea fomu ya ridhaa kwa ajili ya mwanawe, alinikatiza akaniuliza, "Mwanangu, mnataka kutujaribia?" Nilimwambia ukweli, kwamba utafiti wetu ni wa kuandika na kufuatilia tu, na kwamba akikataa mwanawe atahudumiwa vilevile bila neno. Kisha akauliza swali gumu zaidi: kwa nini madaktari wasitoe tu dawa wanayojua ni nzuri? Nikamweleza, kwa maneno mepesi kuliko haya, habari ya jaribio lililoitwa POISE. Kwa miaka madaktari wengi waliamini kwamba mgonjwa mwenye hatari ya moyo akipewa dawa ya kupunguza mapigo kabla ya upasuaji atalindwa. Ilikuwa imani yenye mantiki. Mwaka 2008, yalipotoka matokeo ya wagonjwa 8,351 waliogawanywa kwa bahati nasibu, ilionekana kwamba waliopewa dawa ya metoprololi kwa dozi na wakati ule kweli walipata mshtuko wa moyo kwa uchache zaidi, asilimia 4.2 dhidi ya 5.7, lakini vifo vilikuwa asilimia 3.1 dhidi ya 2.3, na kiharusi kiliongezeka maradufu. Bila kuhesabu, kila daktari angeendelea kuona wagonjwa ambao moyo wao haukushtuka, na kujipongeza.

Yule mama alinyamaza kidogo, akasema, "Basi andika." Alitia dole gumba, nami nikamwachia nakala ingawa hakuwa akisoma, kwa kuwa nakala ni yake, na nyumbani yupo anayesoma.

Sehemu ya utafiti wangu ambayo sikutarajia kuipenda ni simu za siku ya 30. Maambukizi mengi ya kidonda hujitokeza mgonjwa akiwa ameshatoka hospitalini, na kwa hiyo wodi inayohesabu wale wanaooza mbele ya macho yake tu hujiona safi kuliko ilivyo. Tunampigia mgonjwa siku ya 30 na kumuuliza maswali yaleyale: kidonda kimefunga, kilitoa usaha au maji, alipata homa, alikwenda kituo chochote, nyuzi zilitolewa na nani, ameanza kazi. Nimejifunza kuuliza swali la duka la dawa kwa jina, kwa sababu mtu aliyenunua vidonge vya antibiotiki dukani hatajihesabu kuwa aliugua. Nimejifunza pia kwamba namba ya simu iliyoandikwa kwenye faili mara nyingi ni ya shemeji au ya jirani mwenye chaji, na kwamba kupiga jioni baada ya watu kurudi shamba kunafaa kuliko asubuhi. Kuna wanaofurahi mpaka wananiombea dua ndefu. Kuna mmoja, kijana aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri, aliniambia kidonda kilifunguka siku ya tisa na aliona aibu kurudi kwa sababu tulimwambia akitunze, akadhani lawama ni yake. Nilimwelekeza aje kesho yake asubuhi, akaja.

Na kuna simu ambazo hupokelewa na mtu mwingine, sauti ikishuka mara tu ninapojitambulisha. Fomu ina kisanduku cha jibu hilo, na chini yake mstari wa kuandika tarehe. Huwa siandiki mara moja. Nauliza kwanza mgonjwa alianzaje, na mara nyingi yule aliyepokea anakumbuka saa yenyewe, na ananisimulia jinsi alivyoanza kwa kusema anasikia baridi.